Mahali Pasipo na Nyota

Kijitabu kinasema: elekeza mhimili
kwenye nyota ya kaskazini.
Nyota ipi? Hapa Newala imezikwa
nyuzi kumi na moja chini ya upeo,
nyuma ya Lindi, nyuma ya Kilwa,
na aliyekiandika hakuwa na haja ya kutuuliza.

Sisi tuna ncha ya kusini,
na kwenye ncha hiyo hakuna kitu.

Nimesimamisha miguu mitatu ukingoni,
pale nchi inapoporomokea Ruvuma
na taa mbili tatu za Msumbiji zinapepesa ng'ambo.
Pima maji nimeiazima ghalani, ile ile
ninayosawazishia mizani msimu wa korosho
(kiputo kikihama, kilo nazo zinahama,
na mkulima hasahau).
Kimetulia katikati, kama kiini cha yai.

Chilumba kaivua betri kwenye pikipiki yake.
Anatetemeka kwa baridi ya Juni,
kucha zake bado za njano, za salfa ya asubuhi.
Nimemkataza kugusa lenzi.

Kipimo cha kimo kilikuwa hamsini na mbili,
kimo cha nchi ya barafu kilikotoka.
Nikakishusha. Arobaini. Thelathini. Ishirini.
Kikashuka mpaka uzani ukagonga mguu: ko!
Aliyekiunda hakuota kwamba kuna watu
wanaoishi karibu hivi na kiuno cha dunia.
Tukazungusha miguu, tukachonga kabari ya mkorosho,
tukaendelea kushuka.

Rimoti ikauliza saa. Nikajibu: tatu.
Ni saa tatu, isha imeshaswaliwa,
hata mtoto anajua.
Mota zikalia, darubini ikageuka kwa madaha,
ikainama,
ikayatazama mawe.
Tulicheka mpaka mbwa wa Mkunya wakaitikia.
Kumbe kwake yeye siku haianzi na jua,
inaanza usiku wa manane, watu wamelala.
Nikaandika ishirini na moja. Ikainuka.

"Mnatafuta nini?"
Ni Somoe Nandonde, anatoka foleni ya bomba,
ndoo kichwani.
"Mahali pasipo na nyota."
Akainua macho, macho peke yake.
Shingo haikutikisika, maji hayakumwagika.
"Poleni," akasema, akapita.

Mti mrefu wa Msalaba unaonyesha njia:
upime urefu wake mara nne na nusu,
kisha simama kwenye giza. Hapo, au karibu na hapo.
Dira nayo inasema hapo, lakini dira
huwa inadanganya kidogo, na ikiona chuma inadanganya zaidi.

Basi nikachukua nyota moja ya juu, haina jina ninalolijua,
nikaiweka pale nyuzi mbili za lenzi zinapokatana.
Nikasubiri.
Dakika ya tatu ikaanza kuteleza.
Robo ya mzunguko, skrubu ya kushoto.
Irudishe. Subiri.
Ikateleza tena, lakini kwa aibu.
Nusu ya robo.
Subiri.
Hivi ndivyo nilivyofundishwa mizani:
usiisukume ikuambie unachotaka.
Kisha nyota ya mashariki, na skrubu ya kimo,
na chai imepoa, na Chilumba amejifunika turubai.

Saa sita ilipita. Nikahesabu dakika ishirini
jicho likiwa limeganda kwenye lenzi.
Newala ilikuwa inazunguka,
ghala linazunguka, na bomba, na Somoe usingizini,
na mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye changarawe.
Nyota ilikaa palepale ilipokaa.

"Imekwama?" Chilumba akauliza.
"Haijakwama. Tunaifuata."
Akachungulia, akanyamaza muda mrefu
kuliko nilivyowahi kumsikia akinyamaza.
Halafu akauliza kama betri imebakiza chochote
cha kumfikisha Kitangari.