Swali la Saba

Ufunguo una maswali tisa.
Sita nimeyajibu nimechuchumaa
mgongoni mwa Kiboriani, Mpwapwa ikiwa chini yangu,
lenzi jichoni, kalamu ya risasi sikioni.

Shina: pembe nne; kidole kinazihesabu hata gizani.
Majani: matatumatatu kila fundo,
yanakwaruza kama ulimi wa paka.
Tumbo la jani: nywele fupi, nyeupe, zimelala upande mmoja
kama nyasi walipopita ng'ombe.
Ua: dogo kuliko punje ya uwele,
jeupe, koo lake la njano,
na ndani ya koo sisimizi mmoja, amelewa.

Basi jina la kwanza tunalo, la pili tunalo.
Lakini kichaka hiki, kama fomu ya kitambulisho,
kinadaiwa majina matatu.
Nususpishi ni mbili, ya mlimani na ya korongoni,
ndugu wa tumbo moja,
nywele zile zile, koo lile lile,
hata nyuki hawawabagui.

Swali la saba:
Jani likifikichwa, hunukia kafuri au hunukia ndimu?

Nimefikicha.
Nimefikicha mpaka kiganja kimekuwa kijani.
Nikakileta puani, nikavuta,
ukaingia upepo tu, upepo mtupu wa Ugogo
na baridi yake ya Juni.
Tangu homa ile ya mwaka juzi
pua yangu ni dirisha la kuchorwa ukutani.
Kazini sijamwambia mtu.
Nani atamlipa posho mtafuta harufu asiyenusa?

Akashuka Sechelela na ndoo ya kokoto kichwani.
"Shangazi, samahani. Hebu nusa hapa.
Kafuri, au ndimu?"
Akatua ndoo. Akanishika kifundo cha mkono
kama anayepima mguu wa mbuzi mnadani.
Akanusa. Akanyamaza. Akanusa tena.

"Kafuri siijui. Na ndimu hii si ndimu.
Hii ni nguo ya mgeni aliyetoka mbali,
sanduku ndiyo kwanza linafunguliwa,
watoto wameshajaa mlangoni."
Akajitwisha ndoo, akapiga hatua tatu, akageuka:
"Ya kule korongoni hainukii hivi.
Ile ni ya kufukizia vibuyu tu."

Niliandika alivyosema, neno kwa neno,
kwenye lebo, chini ya mwinuko na tarehe.
Nikalilaza tawi ndani ya gazeti kuukuu,
majani mawili kifudifudi, mengine chali,
nikakaza mikanda.

Dodoma mjini, Dokta Chidosa akaisoma lebo,
akavua miwani.
"Mgeni gani, Ndahani?
Andika kafuri, au andika ndimu."
Kalamu nyekundu. Alama ya kuuliza,
kubwa kuliko ua lenyewe.

Usiku nikafika Chang'ombe.
Koti nikalitundika msumarini,
majani yaliyosalia yamo mfukoni, nimeyasahau.
Nyemo alikuwa uani anapepeta uwele.
Ungo ukasimama hewani.
Akajifunga khanga upya, akaifuta mikono,
akawaita watoto waje kufagia sebule,
kisha akaninong'oneza, kwa hasira kidogo:

"Baba Yona, mbona hukuniambia?
Tumepata mgeni?"