Kahawia

Leo Loleza hauonekani. Ukungu umeshuka
mpaka kwenye madirisha ya maabara,
nami nimekaa juu ya stuli yenye mguu mmoja mfupi
nakata nta iliyobeba kipande cha titi la mtu
kwa wembamba wa ukungu wenyewe.

Namba 417. Jina sipaswi kulijua.
Ila nilimpokea mwenyewe Jumatatu, pale dirishani:
Subilaga, wa Isyonje, mkulima wa viazi,
aliyenipa mkono wa kulia
huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama tunavyosalimiana huku,
na hakuuachia upesi.

Kwa mkono ule nilisoma mengi kabla hajasema:
baridi ya alfajiri ya Uporoto,
sugu za jembe,
mtetemo mdogo aliodhani ameuficha.
Na mkono wangu, sijui ulimwambia nini.

Humo ndani nako ni vivyo hivyo.
Chembe hazikupangwa kama matofali
yanayokaa kwa sababu yamewekwa.
Zimeshikana. Kila moja imetoa viganja nje ya ukuta wake,
vipokezi, tulivyoviita darasani,
na kiganja hakishiki tu: kinasikia.
Kinagusa cha jirani, na habari hukimbia ndani
kwa kamba na nyuzi hadi kwenye kiini:
tupo, tumebanana, usizaane ovyo.
Vingine hushika sakafu, nayo sakafu husema:
hapa ndipo kwenu.
Na ndani hujibu; hutuma neno nje,
kaza, legeza,
kidonda kimefunguka, sogea ukakizibe.

Ikibanduka chembe, ikakosa jirani na sakafu,
hujizima yenyewe. Hakuna anayeiamuru.
Ukimya ndio amri.
Nilipofundishwa hilo sikulala vizuri wiki nzima,
nikampigia dada yangu wa Makambako,
ambaye tulikuwa hatujasemezana tangu msiba wa baba.

Saa nane rangi imeshika.
Natumbukiza jicho kwenye hadubini.

Pembeni, mirija mizima bado imechorwa kahawia:
kila chembe na mpaka wake,
wavu wa rangi ya chai ya Tukuyu iliyochemka mno.
Hapo kadherini zipo. Hapo mikono imeshikana.

Nasogeza kioo, na kahawia inakwisha.

Zinapita moja moja, kwa mstari,
moja mbele, moja nyuma,
kama watu wanaoteremka njia nyembamba na magunia
siku ya soko. Hapana. Nafuta.
Wale husemezana. Wale, mmoja akiteleza,
wa nyuma hudaka gunia.
Hizi hazijuani. Zimeacha mikono yao mahali fulani
na zimesahau kwamba aliyeachia hufa.
Hakuna anayezigusa aziambie zimefika wapi,
basi zinakwenda.

Daktari Mwakalukwa anainama, ananukia tangawizi,
anatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.
"Kipande cha kulinganishia kilishika rangi?"
"Kilishika."
"Rudia hata hivyo."
Narudia. Si kwamba naitilia shaka rangi.

Ijumaa atakuja. Karatasi itasema Kilatini kidogo
na Kiingereza kingi; daktari ataeleza kwamba dawa zipo,
na ni kweli zipo, na wengi wa aina hii
hurudi shambani.
Mimi kazi yangu inaishia kwenye kioo.

Lakini dirisha la mapokezi lina upana wa kupitisha mkono.
Nimelipima leo, nilipokuwa nafunga.
Vidole vyangu vilikuwa vya baridi,
na kwenye ukucha mmoja, pale glavu ilipotoboka,
kahawia iliyokataa sabuni.