Inchi Nne

Isabirye alivileta ndani ya mfuko wa unga,
Ijumaa, mvua ikinyunya kibarazani:
vyekundu, namba arubaini na nne,
kisigino cha kushoto kimevunjika shingo.
"Vya mama watoto?" nikauliza, nikitafuta gundi.
"Vyangu," akasema,
kama mtu anayetaja jina lake benki.

Mimi fundi. Kiatu nakijua kwa kukigeuza,
soli haijui kusema uongo.
Hizi zimelika upande wa nje, sawasawa na sandali
nilizomshonea mwaka juzi.
Hakuviazima. Amevitembelea.

Jirani yangu muuza betri alicheka hadi akakohoa.
"Mwanamume na mchuchumio! Jinja imekwisha!"
Isabirye akafuta miwani kwa pindo la shati.
"Vinanipendeza," akasema.
Basi. Hakuongeza neno.

Nikakumbuka raizoni.
Marehemu baba alizichonga kwa mbao ya mvule,
barabara hii hii, nguzo hii hii,
makarani wa kiwanda cha nguo wakipanga foleni,
madume yenye ndevu, bugaluu zikifagia lami,
wakitembea kama wanaovuka mto juu ya mawe.
Picha yake ya studio ninayo:
mkono kiunoni, nyuma maporomoko ya kuchorwa,
na chini, miguuni, ghorofa.
Siku zile hakuna aliyesema Jinja imekwisha.
Au walisema.
Mji huu umezoea kuambiwa umekwisha.

Nikataja elfu kumi na mbili, akabishana hadi kumi.
Aje Jumatatu.

Kuvunja kisigino ni dakika; kukisimamisha ni kazi.
Nikatia pini ya chuma ndani, gundi, ngozi mpya chini,
nikakibana usiku kucha na mchana wake.
Jumamosi jioni nikateremsha mlango wa bati.
Kazi lazima ijaribiwe,
ndivyo nilivyojiambia, na hapakuwa na mtu wa kubisha.
Nikavua malapa.

Kidole gumba kikalalamika.
Goti likauliza maswali.
Nikaishika meza kama mtoto wa miezi kumi,
kisha nikaiachia.

Jamani.
Inchi nne tu, kumbe duka langu lina juu!
Vumbi la kabati, nene kama blanketi,
mjusi aliyekauka, risiti ya kodi ya mwaka sijui upi,
na pale nyuma, yamelala ubavu,
maharazi yangu yenye mpini wa pembe,
yale niliyomfukuzia Tenywa mwezi wa tatu
nikimwita mwizi mbele ya mama yake.

Nilibaki huko juu muda mrefu,
mkono kwenye rafu, visigino vimetulia tuli,
nikipima njia ya kwenda Bugembe kesho
na la kusema nikifika mlangoni.

Jumatatu Isabirye atauliza kama vinashika.
Vinashika, nitamwambia.
Nimejuaje, asiniulize.