Boksi la Vifungo

Murtaza hufunga duka la dhahabu saa kumi na moja,
akabandika jichoni ile lensi ya usonara,
akapima, kwenye mizani ya vipuli,
vigari visivyojaa kiganja.

Haambii mtu bei kwanza. Hukilaza chali,
husoma jina la mji lililochapwa tumboni,
huzungusha magurudumu: ya bati, ya mpira, ama ya plastiki,
kisha hunusa.
Ndiyo, hunusa.
Rangi ya kiwandani, asema, yanukia benki.
Rangi ya nyumbani yanuka nyumba.

Mombasa, aninong'oneza, si mji wa kuweka kitu.
Chumvi hula ekseli. Vuli hupandisha ukungu.
Na mende wa Kibokoni, walaaniwe,
hupenda gundi ya boksi kuliko halua.
Basi gari zipo. Maboksi ndiyo hayapo.

Nikamtolea yangu: Pijo nyeupe, 404,
aliyoileta ami yangu Badi, mpishi wa melini,
mwaka niliong'oka meno ya mbele.
Ubavuni ina mstari wa manjano
uliopinda ufikapo mlango wa nyuma.
Zuwena aliuchora kwa njiti ya kiberiti,
rangi kaiomba kwa fundi wa mabango,
ipate kufanana na teksi ya baba
iliyokuwa ikingoja abiria stesheni ya reli.

Murtaza akaitoa lensi jichoni.
"Nani aliyeiua?"
"Dadangu. Alikuwa na miaka sita."
"Ingekuwa safi, elfu arubaini.
Hivi ilivyo, mia tano,
na hiyo ni heshima ya mamako."

Biashara gani hii, nikawaza,
ambayo kichezeo bora ni kile alichonyimwa mtoto?

Nikawa naifunga tena kwenye leso.
Naye, akitazama mlangoni,
kama aulizaye habari ya mvua:
"Na boksi lake je?"

Lipo. Mama hutia vifungo.

Elfu ishirini na tano. Boksi tupu.
Karatasi ngumu ya buluu, kona moja imelegea,
na picha ya gari isiyo na mstari.
Nilivimwaga vifungo kitandani:
vya kanzu, vya sare za shule,
kimoja cha shaba, chenye nanga, cha koti la ami Badi.
Sikumwita mama. Alikuwa akiswali.
Murtaza alilipokea kwa ncha za vidole
kama mtu aliyepewa yai la njiwa.

Siku hizi vifungo vimo kwenye kopo la maziwa ya unga.
Mama hajasema neno.
Macho yake yamekwisha, hushona kwa kupapasa,
na kila akitaka kifungo mkono huenda rafuni,
kushoto, pale pale,
ukakuta teksi,
ukatulia,
ukaisukuma kidogo,
ikaenda.