Kifungu cha Arobaini na Moja

Waliniletea rasimu Jumatatu, kurasa thelathini na mbili,
niipige chapa, nirekebishe nukta na herufi kubwa.
Vifungu vyote vilikuwa vimeshiba
isipokuwa cha arobaini na moja:
Sheria hii itapitiwa upya baada ya miaka .........
Vitone tisa. Mtu alichoka, akaenda kula.

Alhamisi tukakutana Mkomani, ukumbini,
ghorofani, naam, ngazi kumi na saba,
tuzungumzie haki za wenye ulemavu.
Swabaha Omari alipandishwa na vijana wanne
kama kabati linalohama nyumba,
ukingo wa buibui umenaswa kwenye gurudumu.
Alipotuliwa hakusalimu.
Andika kwanza hizo ngazi, akaniambia.
Nikaandika.

Mwenyekiti alipendekeza kumi: sheria ipate kukomaa.
Wa fedha akasema saba, akitazama simu.
Wakili akasema mitano, ndivyo ilivyo kwingine.
Kalamu yangu ikazunguka juu ya vile vitone
kama nzi asiyejua atue wapi.

Kisha wakasema wenye mwili.

Doza wa Basuba akauinua mkongojo wake juu ya meza:
Mpira huu, kwa mawe ya mji wenu, hauvuki miezi minne.
Miaka mitano ni mipira kumi na mitano.
Mimi sina kalenda nyingine.

Mamake Kale, mwanawe hasikii:
Sasa ana minne. Mkirudi atakuwa na tisa,
na mimi bado namwita kwa kupiga sakafu.

Swabaha:
Kiti hiki cha mradi ni kipana kuliko kichochoro chetu.
Hukaa sebuleni, wageni huweka mikoba.
Waliopima walipima wapi, siyui.
Nataka kuyua kosa lenu nitaishi nalo siku ngapi.

Tulidhani tumeelewana. Miwili, watu wakanong'ona, miwili.
Ndipo Athmani Shebwana, asiyeona, akacheka peke yake.
Mimi nataka kumi, akasema. Ishirini, mkinipa.
Nilipeleka kanzu kwa fundi aipitie bega tu,
ikarudi fulana.
Kila anayepitia ana mkasi.

Hakuna aliyemjibu.
Feni ilizunguka. Mkalimani wa ishara
alibaki na vidole viwili hewani,
mkasi uliofunguka, haujafungwa.

Saa saba unusu mwenyekiti akatazama mlango:
Weka mitatu.
Swabaha akaomba iongezwe, mapitio yafanyike chini.
Wakili akasema hiyo si lugha ya sheria.

Wakamteremsha. Nilimsikia akihesabu kwa sauti,
mpaka kumi na saba, bila kuruka.

Nikarudi mezani, nikaandika *mitatu* juu ya vitone.
Herufi sita.
Vitone vitatu vikabaki mwishoni mwa mstari.
Ni kazi yangu kuvifuta.
Nilipeleka vilivyo.