Kona ya Tisa

Usiku, sahani zikishakauka,
Vizma hulala chali sakafuni,
miguu kuelekea jiko, macho kafumba.
"Tayari?"
Nami nabonyeza saa.

Nje Sigulda imefunikwa na theluji,
mabomba yanagugumia kwa baridi.
Ndani, mdogo wangu anashuka mlima
bila kutoka jikoni.

Bega la kushoto linazama: kona ya kwanza.
Kidole gumba kinakunja soksi: ya pili.
Shingo inakakamaa,
imebeba uzito nisiouona,
na midomo inatoa mluzi mwembamba,
ule wa chuma kinapokwangua barafu.
Ya saba. Ya nane.
Kisha hufumbua macho.
"Simamisha."

Tangu Januari njia yake inaishia hapo,
kwenye ukuta uliomvunja mtulinga.
Daktari kasema mfupa umeunga.
Mfupa, ndiyo.

Kocha Talivaldis hakumwambia asiogope.
Alimwambia: Anguka tena.
Angukia humo humo kichwani, polepole,
mpaka kuanguka kukuchoshe,
kisha utazame ni wapi mwili ulikosea.

Basi wiki nzima nilihesabu maanguko
huku nikimenya viazi.
Alianguka akilia, alianguka akitukana,
Alhamisi alianguka akacheka:
"Kumbe ni huu mguu wa kulia!
Unabana mapema,
kama mtu anayefunga mlango
na mgeni hajatoka."

Jana: saba.
Nane. Pumzi ikatoka ndefu,
mguu ukalegea.
Tisa.
Kisu changu kikasimama hewani,
ganda la kiazi likining'inia.
Kumi. Kumi na moja. Sikupumua
mpaka aliponyoosha mikono
na visigino vikagonga mlango wa jiko.

Sekunde arobaini na mbili na nukta tatu.
"Uongo," nikasema. "Hujawahi kwenda kasi hiyo."
"Nimewahi," akasema. "Sasa hivi."

Leo asubuhi amebeba kofia
na glavu zake zenye misumari.
Barafu haina habari za jikoni kwetu.
Saa kaisahau mezani, kando ya chumvi.
Nimeketi nayo. Viazi vinachemka, sivitazami.
Nilipodhani zamu yake imefika
nikabonyeza,
na bega langu la kushoto,
bila kuulizwa,
likazama.