Koti la Rannvá

Haanzi na kioo. Analigeuza ndani nje,
koti zito la kijivu,
anafuata mshono kwa ukucha
kama karani anayekagua hesabu za mwenzake.
Nje, Klaksvík nzima imelowa.

"Hapa uzi umeruka."
Hjalgrím, mwenye duka, anavaa miwani, anakohoa,
analirudisha kwenye kamba bila neno.

La pili analinusa.
Mafuta ya kondoo bado yamo kwenye sufu;
wasiojua huita uvundo,
yeye huita paa.
Anadondosha chai begani: tone linasimama,
linatetemeka, linabiringika hadi sakafuni.
"Chai yangu hiyo," ananung'unika Hjalgrím.

Ananyoosha mikono kana kwamba anavuta waya wa ua.
Kwapa halibani. Kola inafika masikioni.
Vifungo ni vya pembe, vinene:
hata vidole vilivyokufa ganzi vitaviona.

"Lakini linakupwaya, Rannvá. Hii ni saizi ya mumeo."

Hajibu. Anachukua mkate wake wa shayiri,
ambao bado una moto wa tanuri,
anautia kifuani, anafunga vifungo,
anainama, anainuka, anazunguka meza mara mbili.
Mkate hauanguki.

Mwezi wa tano, huko juu ya kijiji,
theluji ingali ngumu kama chumvi ya mawe,
kuna wanaozaliwa usiku wakiwa wamelowa
na mama zao hawainuki tena.

"Nalichukua hili."
Anahesabu noti polepole, hana papara.
Mkate anausahau humo humo,
anatoka nao mvuani,
mkono mmoja umeushikilia kwa chini.